Juzuu ya Kumi na Saba

Dahalia, Mtoni
Ijumaa, 20 Februari 2026

Bibi Salome, shikamoo.

Barua hii anakuletea Bi Faiza, mpishi wetu, yule anayekaa nyuma ya nyumba yako. Kaniapia hataisoma, nami nimeikunja mara nne ili imchoshe. Simu zetu zilichukuliwa siku tuliyoingia kambi ya masomo na kugaiwa vitanda hapa dahalia, na hatuzipati mpaka mitihani ya majaribio iishe. Kwa hivyo itabidi univumilie kwa mwandiko.

Bibi, nina jambo. Nilianza kuliandika kwa Kiingereza, kama insha ya skuli, nikaona linakuwa la mtu mwengine. Kwa Kiswahili ni fupi: huku hakuna anayejua kuwa mimi ni Mkristo, isipokuwa Bi Faiza.

Mwanzo sikusema uongo. Naomba uniamini hapo. Tuliandikishwa, Nasima Pandu, basi. La ubatizo halikuulizwa. Nlivaa mtandio mweupe kama wote kwa sababu nlitaka kuwa kama wote, si unanijua. Jioni wenzangu wakaenda kuswali, mmoja akaniuliza, "Weye huji?" Sijafungua mdomo, mwengine akamjibu, "Mwache, ana udhuru huyo." Msichana akiwa katika siku zake haswali. Nikanyamaza. Nikakaa na udhuru huo wiki nzima, na wiki ikaisha. Siku ya nane nikasimama safu ya nyuma. Wakiinama nainama, na moyoni nasema Baba Yetu.

Halafu ikaja karatasi. Bi Faiza aliibandika mlangoni mwa jiko: atakayetaka chakula cha mchana mwezi wa Ramadhani aandike jina. Tuko thelathini na mmoja hapa. Karatasi ilikaa siku nne, haina hata jina moja. Kila nikipita na kalamu, pana mtu. Siku ya mwisho ilikuwa juzi, Jumatano ya Majivu, nami nlikuwa nishaianza Kwaresima yangu, nikajiambia leo sili hata hivyo, nitaandika kesho. Jioni mwezi ukaandama na karatasi ikabanduliwa. Bi Faiza aliniangalia tu. "Mdomo wangu mzito," akasema, "lakini tumbo ni lako."

Ningelijitokeza, Bibi, kama si Fathiya. Fathiya Makungu, wa Makunduchi. Ndiye rafiki wa kwanza nliyempata bila wewe kunitafutia. Ananiamsha daku kwa kunivuta kidole cha mguu. Nikichelewa kusema jambo, hanisemei, anangoja. Naogopa nikimwambia ataanza kuyarudia yote moja moja: ile sala, ile futari, zile "amin" zangu. Ataniona mwizi.

Nifanye nini? Nijibu kwa barua. Tafadhali usije mwenyewe.

Mjukuu wako,
Nasima

~

Mbweni
Jumatatu, 23 Februari 2026

Nasima,

Marahaba. Sikuja, kama unavyoona. Nlishavaa viatu, nikavivua.

Kwanza, kufunga hakujamuua mtu, na hii ndiyo Kwaresima ya mwanzo uliyoishika bila kudokoa sukari yangu. Pili, nani kakwambia kuwa wewe ni wa mwanzo kukaa na Waislamu? Hilo jina Nasima umepewa la nani? La Bi Nasima wa nyumba ya pili, aliyekupokea duniani mvua inanyesha na gari hakuna. Hakumuuliza mama yako anasali wapi.

Bibi yangu mimi alizaliwa hapahapa Mbweni, wakati pakiwa makaazi ya watu waliokombolewa utumwani. Wamisheni waliwapa kila nyumba kiwanja chake, jina la ubatizo, na kengele ya kuwaamsha. Akihadithia kuwa palikuwa na mwalimu mmoja wa Kizungu asiyetaka watoto wa makaazi wale sahani za Idi zinazoletwa na majirani. Zikija mlangoni anazirudisha. Basi majirani wakawa wanazipitisha dirisha la jikoni. Krismasi sahani zikitoka kwa dirisha hilohilo, na hazitoki tupu. Wazungu wameondoka, sahani zinapita mpaka leo, sasa kwa mlango.

Lakini nisikilize vizuri. Kila aliyekula alijua sahani imetoka kwa nani. Wewe unakula, na hujasema wewe nani. Hapo ndipo ulipokosea, wala si kwenye sala, wala si kwenye mtandio.

Mwambie mtoto wa watu kabla hajaambiwa na mwengine. Usimwandalie hotuba. Mwambie tu.

Na kunywa maji ya kutosha ukifuturu. Una midomo mikavu wewe tangu mdogo.

Bibi Salome

~

Makunduchi
Jumapili, 1 Machi 2026

Nasima wangu, assalaam alaykum,

Bibi ametutoka. Ijumaa, baada ya alasiri. Si nlikwambia siku ile nilipoitwa nyumbani kuwa atanisubiri? Alinisubiri. Akanitukana kuwa nimekonda, akauliza huko Mtoni wanatupa chakula au picha ya chakula, akalala, na siku ya tano hakuamka. Shangazi zangu wote wanajua kulia, mie najikwaa tu, nalia halafu nasahau ninalia nini, halafu nakumbuka.

Sasa sikiliza, nina ombi, na nimekuletea wewe wala si mkuu wa dahalia, maana yeye atalitangaza kama tangazo la mafuta ya taa. Mwalimu Bakar anakuja na sanduku la juzuu la msikiti wetu. Zimo thelathini, kila juzuu kitabu chake. Nataka mumsomee Bibi hitima, Kurani nzima. Kila mmoja moja. Tulikuwa thelathini na mmoja, nimetoka mie, mmebaki thelathini sawasawa. Nilipohesabu nlicheka peke yangu, nikahisi Bibi mwenyewe ndiye aliyepanga.

Gawa wewe. Mwenye udhuru ampe mwenziwe asome mbili, si kitu, lakini aseme, maana ikikosekana moja haijawa hitima, yanakuwa masomo tu. Ijumaa Mwalimu akija kwao huku arudi nalo sanduku, Jumamosi Baba ataita watu tufunge kwa dua. Baba hasemi, Nasima. Anakaa barazani anasugua goti. Nimemwambia wasichana thelathini wanamsomea mama yake, ndipo akaomba maji ya kufuturu.

Usinihurumie ukiniandikia. Nchekeshe.

Fathiya

~

Dahalia, Mtoni
Alhamisi, 5 Machi 2026

Fathiya,

Pole sana. Nimekaa na kalamu tangu Jumapili na neno ni hilohilo.

Sanduku anakuja nalo Mwalimu Bakar kesho. Juzuu zote thelathini zimo, nimezipanga kwa namba. Kila mtu alirudisha yake kwa wakati. Wanu alisoma ya kwake huku analia, akasema ni mafua.

Kitanda chako hajakikalia mtu.

Nasima

~

Dahalia, Mtoni
Alhamisi, 5 Machi 2026

Bibi, shikamoo.

Sikumwambia. Aliondoka kabla sijapata pumzi, na sasa nimefanya kubwa kuliko lile.

Bibi yake Fathiya amekufa. Akaleta vitabu thelathini vya Kurani tumsomee, mtu mmoja kitabu kimoja, na sisi tuko thelathini pamoja na mimi. Akataka nigawe mimi. Nligawa, wakachukua kila mtu chake, na mwisho kilibaki kimoja mkononi mwangu, cha kumi na saba. Wote wananiangalia. Neno udhuru lilikuwa ulimini, lakini nlishalitumia wiki mbili nyuma, na wasichana wa dahalia wanajua siku za kila mtu kuliko kalenda. Nikasema, "Hiki changu."

Kiarabu sikijui hata herufi ya kuanzia. Nlikifunga kwenye kanga yangu safi, sikukifungua. Siku nne. Wenzangu wanasoma kitandani, ukumbini, chini ya feni, hata anayesoma kwa kigugumizi anasoma. Mimi nikienda nacho nyuma ya tangi la maji, nakaa nacho mapajani mpaka upite muda ambao mtu angelikuwa amesoma. Jana Himida wa kitanda cha pembeni akaniuliza, "Umefika wapi?" Nikamwambia, "Karibu namaliza." Wallahi, Bibi, nimezoea kusema wallahi mpaka kwenye barua nakwambia wewe sasa.

Leo nimekirudisha sandukuni. Nimemwandikia Fathiya kuwa zimo zote thelathini. Zimo. Sikuandika kuwa zimesomwa, nimeliruka neno hilo kama mtu anavyoruka dimbwi, na ndiyo maana sijalala vizuri.

Jumamosi watafunga hitima kwa dua na mimi najua ina tundu. Hao wote watu wazima watainua mikono kwa ajili ya kitu ambacho hakipo.

Marehemu alikuwa akiitwa Mwatum. Nakutajia ili uone ni mtu.

Nasima

~

Makunduchi
Jumapili, 8 Machi 2026

Nasima,

Hukunichekesha hata kidogo, ila yale mafua ya Wanu nimewasomea nyumba nzima.

Hitima imefungwa jana. Baba aliita baraza nzima, wazee wa msikitini wakaja, na Sheha. Imamu akauliza, "Wamesoma kina nani?" Baba akajibu mwenyewe, ndiyo mara yake ya mwanzo kusema mbele ya watu tangu mazikoni: "Wanangu thelathini walioko Mtoni." Wanangu, Nasima. Hajawahi kukuoneni hata mmoja. Usiku alikula sahani nzima na akaomba ukoko.

Mama kaniambia nikuandikie hivi, na hili ni lake, silizidishi: wewe ndiye uliyebeba jukumu la kugawa, basi Idi mosi uje kwetu ulale, na Idi pili asubuhi twende kaburini, uwe nasi ukimsomea. Mwalimu Bakar atakuchukua. Mama keshatoa godoro kulianika.

Usiseme utafikiri. Nakujua kufikiri kwako kunachukua mwezi.

Fathiya

~

Mbweni
Jumatatu, 9 Machi 2026

Nasima,

Nimeisoma barua yako mara mbili, ya pili nimesimama.

Nimefanya jambo na nakwambia kabla hujalisikia kwengine. Jana kanisani, padri alipofika kwenye majina ya marehemu, mwenye mtu wake humtaja. Nlikuwa nimempelekea karatasi asubuhi: Mwatum binti Makungu, wa Makunduchi. Makungu kwa sababu rafiki yako ni Makungu. Padri alisita, akanitazama pale nlipokaa na akina mama wa Umoja, kisha akalisoma. Watu wakaitikia kama kawaida. Bi Perpetua akanigonga kiwiko, "Huyo nani? Hilo jina la kwetu hilo?" Nikamwambia anyamaze aombe.

Nlidhani nakupunguzia mzigo. Nlitoka nje, jua linaniwakia, nikaona kuwa sikupunguza chochote, nimeongeza. Mama wa watu Mwislamu, na hakuna wa kwao aliyetuomba. Wewe umenyamaza pasipo haki na mimi nimesema pasipo haki. Tumetoka ukoo mmoja kweli.

Sasa utamwambia yote mawili. La kwako ulianze wewe, la kwangu ulitaje kwa jina langu, usinifiche. Nlikwambia umwambie tu. Sikukwambia itakuwa rahisi, na kama ulisikia hivyo, basi nliongea vibaya.

Bibi Salome

~

Dahalia, Mtoni
Alhamisi, 12 Machi 2026

Fathiya,

Usimsomee mtu barua hii mpaka uimalize peke yako.

Mimi si Mwislamu. Sijawahi kuwa. Mimi ni Mwanglikana wa Mbweni, nimebatizwa, nina jina la pili Agnesi ambalo hukuwahi kuliona kwa sababu nlilifunika kwa karatasi na gundi kwenye daftari. Wewe hukuniuliza, na mimi sikusema, na kila siku iliyopita ilifanya ya pili yake iwe ngumu zaidi. Nlipokuwa na udhuru sikuwa nao. Nlipokuwa nimefunga nlikuwa nimefunga kweli, lakini Kwaresima yangu. Nlipokuwa nyuma yako kwenye safu nlikuwa nasali maneno mengine.

Hayo ningeliweza kuyabeba mpaka mitihani iishe. Hili siwezi.

Juzuu ya kumi na saba haikusomwa. Ilikuwa yangu. Sijui Kiarabu. Nlikaa nayo siku nne, sikuifungua, nikairudisha na nikakuandikia zimo zote thelathini. Niliposema zimo, nlijua wewe utasoma nini. Hitima ya bibi yako ni ishirini na tisa. Baba yako amesema wanangu thelathini mbele ya watu, na mmoja wao mwongo.

Na kuna jengine. Bibi yangu, kwa kunionea huruma, alimpelekea padri jina la bibi yako, likasomwa kanisani Mbweni Jumapili iliyopita kwenye sala ya marehemu. Mwatum binti Makungu. Hakuniambia kabla. Amesema nikutajie kuwa ni yeye, Salome, na kwamba amejuta kutowauliza. Sijui kwenu hili ni dogo au ni tusi. Nakuapia sikujua, lakini najua kiapo changu sasa hakina bei.

Sikuiandika ili unisamehe. Nimeiandika kwa sababu juzuu ile inaweza kusomwa bado, na wewe hujui kuwa inakungoja.

Mama yako asianike tena godoro.

Wenzetu hapa nitawaambia leo, baada ya futari, kabla barua haijaondoka, ili usije ukarudi ukanibebea siri.

Nasima Agnesi Pandu

~

Dahalia, Mtoni
Alhamisi, 19 Machi 2026

Fathiya,

Mwalimu Bakar amerudi Jumapili mikono mitupu. Nlimuuliza mara moja tu. Akasema, "Amenipa salamu za walimu," basi.

Hapa niliwaambia. Himida alihama kitanda siku mbili, kisha karudi, kasema feni ya kule inalia. Wanu aliniuliza kwetu tunakula nini mchana, nikamwambia kama nyinyi. Mkuu wa dahalia ameniambia ningelisema mapema ingelikuwa sahali, nikamwambia naam.

Kitanda chako bado hajakikalia mtu. Nimeliandika hilo tena kwa sababu ndilo peke yake nlilokwambia kweli ile mara ya mwanzo.

Idi njema, ukitaka kuipokea kwangu.

Nasima

~

Makunduchi
Jumapili, 22 Machi 2026

Nasima,

Barua yako niliisoma chooni, maana nyumba imejaa wageni na huko ndiko kuna komeo. Nilikaa huko mpaka shangazi akapiga mlango akauliza kama nimezaa.

Wiki nzima sikukujibu kwa kusudi. Nlitaka ungoje kama mimi ningelingoja Siku ya Kiyama kujua kuwa bibi yangu ana pengo. Sala zako za safu ya nyuma ni zako na Mungu, mie si karani wake. Jina hukuandika mlangoni mwa jiko, naelewa, wewe hata kalamu unaiazima kwa ishara. Lakini nlikuandikia kwa mkono wangu, aliye na udhuru aseme. Ungelisema nna udhuru wa milele, mie sijui kusoma hicho, ningelisoma mwenyewe na ningelikupenda vilevile. Badala yake ukatunyima letu, mkatupa lenu, na kwa yote mawili hamkutuuliza.

Nlimwambia Mama. Hakunipigia kelele. Akauliza sanduku liko wapi, akatoa ya kumi na saba, akaifuta kwa upindo wa kanga, akanipa. Nimeisoma siku mbili, baina ya alasiri na magharibi, kwenye jamvi la Bibi. Inaanzia Suratul Anbiyaa. Ni ndefu, Nasima, usingeliweza hata ungelijua. Nlipomaliza nikamweleza Baba, naye akaita watu watano tu, dua ikaombwa upya. Wakauliza kulikoni. Baba akasema, "Tulihesabu vibaya." Hakusema zaidi, na wewe usije ukaongeza kwa mtu yeyote wa huku. Amelibeba mwenyewe, mwachie.

Sasa la kanisani. Hilo Baba sikumwambia. Nlimwambia Mama. Akauliza, "Wamemtaja vipi?" Nikamsomea ulivyoandika. Mwatum binti Makungu. Akanikodolea macho, akaziba mdomo na kanga, mabega yakaanza kutikisika, nikajua nishamliza. Alikuwa anacheka. "Makungu si mwanawe? Si baba yako? Wamemfanya mama mtu kuwa binti wa mwanawe." Alicheka mpaka akakaa chini. "Huyo waliyemuombea mimi simjui," akasema, "lakini popote alipo, Mungu amrehemu." Ndiyo mara ya mwanzo amecheka tangu mazikoni. Mwambie bibi yako Salome hivyo, na umwambie pia kuwa nimekasirika. Yote mawili.

Sijakusamehe. Narudi kambini Jumapili ijayo na nitalala kitandani kwangu, na huenda nisikusemeshe siku ya kwanza, wala ya pili. Usihame. Wala usinililie. Kuja kwako huku, Mama hajasema ndiyo na hajasema la. Ameuliza tu kama unakula pweza.

Bibi yangu aliitwa Mwatum binti Mcha bin Hamadi. Alizaliwa Kizimkazi, akaolewa huku, akazaa saba wakabaki watatu. Alipanda mwani mpaka mgongo ukakataa. Sikwambii upeleke jina hilo kanisani. Nakwambia kwa sababu ulikaa na juzuu yake siku nne nyuma ya tangi la maji na hukuwa unamjua ni nani. Mjue.

Fathiya Makungu